Diski za Baba Kwenye Mtama

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimeanza leo. Sanduku la diski za Baba nimelitoa chini ya kitanda, nimelipangusa vumbi, nimehesabu: arobaini na tatu. Zote Blu-ray, zile za picha kali, na juu ya kila moja mwandiko wake wa wino mzito. YA HELIKOPTA. YA MTAWA MWENYE BASTOLA. YA MAPACHA. Majina ya kweli ya hizo sinema hakuwahi kuyajali.

Niandike kwa nini, nisije nikasahau. Rita, dada wa mazoezi anayekuja kila Alhamisi tangu Baba apate kiharusi mwezi wa Januari, ameuliza: kuna kitu mzee anakijua kwa moyo? Wimbo, sala, chochote? Anasema mtu aliyepoteza maneno huweza kuyapata tena akifuata kitu alichokisema mara elfu. Wengine huanza na nyimbo za kanisani. Nikacheka. Baba na nyimbo za kanisani! Baba anajua kwa moyo kitu kimoja tu, sinema zake.

Maana huyu mzee Okiria ambaye sasa ana maneno mawili, "eh" na "basi", ndiye aliyekuwa DJ Breki wa Malaba, pale mpakani. Miaka kumi na zaidi alisimama katika banda la video kando ya foleni ya malori, maikrofoni mkononi, akiwatafsiria madereva na matanboi, wale wasaidizi wao, sinema za Kizungu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa tanboi, kwa hiyo kwake kila kitu kilikuwa lori. Stelingi, yaani shujaa wa sinema, akisimama kufikiri, ameweka handbreki. Adui akikimbia, amepiga rivasi. Miaka ya mwisho alijirekodi mle mle bandani, akaitia sauti yake kwenye hizi diski. Sasa zinaota ukungu pembeni. Zikifa, sauti yake imekufa nazo, na Rita hana cha kufanyia kazi.

Wabwire wa duka la kompyuta kule Busia ameniazima draivu ya kusoma Blu-ray, na external ya kuwekea nakala. Alisema nirudishe nikimaliza. Halafu akasema hana haraka. Halafu akasema tena hana haraka.

Kompyuta yetu ni ile kuukuu niliyoinunua ofisini walipobadilisha zao. Spika ziliungua stima iliporuka wakati wa Pasaka, kwa hiyo ni bubu. Haidhuru, kukopi hakuhitaji masikio. Diski ya kwanza imechukua dakika hamsini na tatu. Nimefungua nakala, picha safi kabisa, hata jasho la rubani naliona. Nimemwonyesha Baba. Amesema "eh".

Jumapili, 8 Juni

Mama amerudi kutoka kanisani akakuta diski zimetandazwa mezani pake. Hakugomba. Alizitazama tu vile anavyotazama sufuria ya mtu mwingine.

Mama, jina lake Phoebe, ni mlokole wa Butula. Hajawahi kutia mguu katika banda la video, wala mimi hakuniruhusu. Baba alizoea kurudi saa nne, saa tano, naye Mama saa tatu ameshafunga mlango kwa komeo. Na komeo letu si mchezo, ni chuma cha mlango wa trela, Baba mwenyewe alilichomelea ili wezi wasituingie! Mara ngapi amelala jikoni na kuku sijui. Asubuhi anatoka na manyoya kichwani, anacheka, Mama anamwekea chai bila kumtazama. Ndoa yao ndivyo ilivyoenda, na sijaona nyingine ninayoitamani zaidi. Leo Mama amemnyoa ndevu taratibu, akimshika kidevu kama yai.

Baadaye ameuliza, hizo nikishaziingiza kwenye kompyuta zinabaki na kazi gani? Nikasema hakuna. Basi nipe nifunge shambani, akasema, ndege wananimalizia mtama. Selpha wa kanisani kwao amefunga diski za nyimbo, zinamulika mpaka ndege wanaogopa kutua. Nikampa ya helikopta na mbili nyingine. Za nini tena? Zimo kwenye kompyuta.

Jumatano, 11 Juni

Naweka moja kabla ya kwenda kazini, moja nikirudi, moja wakati wa kupika. Stima ikipotea naanza upya. Imepotea mara mbili.

Ofisini leo kaja Peterson, dereva wa siku nyingi, kuleta makaratasi ya mzigo. Mimi kazi yangu ni kuyaingiza kwenye mfumo na kuambiwa mfumo umelala. Akauliza hali ya mzee, nikamweleza. Akatoa pole. Halafu, kama wote wa rika lake: "Na mama yako je, bado anafunga komeo?" Hawa madereva wameniuliza hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Sijui Baba aliwaambia nini huko. Sokoni anakouza njugu wanamwita Mama Komeo kabisa, na anachukia. Anaamini wanamsema ni mchoyo, eti mkono wake kwenye kipimo cha njugu umefungwa komeo. Miaka yote hii anajaza kipimo mpaka njugu zinamwagika, na jina halitoki.

Jumamosi, 14 Juni

Ishirini na mbili tayari. Mama amezifunga kwa kamba za gunia katikati ya mtama, kila safu diski tano. Jua likipiga, shamba zima linakonyeza. Watu wanaopita kwenda sokoni Chakol wanasimama kutazama.

Tulimtoa Baba kwenye kiti chake aone. Aliona. Akaanza kupiga mkono wa kushoto kwenye kiti, pa, pa, pa, "basi, basi, basi," mpaka Mama akacheka, akasema hata yeye anawafukuza ndege. Tukamrudisha ndani akiwa amechoka.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemaliza! Arobaini na tatu. Nimezifungua zote moja moja kuangalia picha, mwanzo, katikati, mwisho. Hakuna iliyokwama. Diski za mwisho nimempa Mama, nane kati ya hizo kampelekea Selpha. Nimempigia Wabwire kumwambia. Ameniita injinia. Anakuja Jumapili na spika, Alhamisi Rita aanze. Nimefurahi sana leo, nimejipikia mayai matatu peke yangu.

Jumapili, 22 Juni

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Wabwire alikuja. Shati limepigwa pasi, soda mbili, spika. Tukamsogeza Baba mbele ya kompyuta. Hata Mama alikaa, mbali kidogo, na biblia yake mapajani kama kinga. Nikafungua ya helikopta. Picha safi. Rubani akafungua mdomo, na kikatoka Kiingereza.

Kiingereza kitupu. Nikafungua ya mapacha, Kiingereza. Ya mtawa, Kiingereza. Nilifungua kumi na moja kabla Wabwire hajanishika mkono.

Alinionyesha. Diski za Baba zina sauti mbili. Ya kwanza ya wenye sinema, kwa madereva waliotaka Kiingereza, na ya pili ndiyo yake. Bandani walikuwa wanabadilisha kwa rimoti. Programu ya kukopi inauliza unataka sauti zipi, na yenyewe imeshatia tiki ya kwanza. Chini yake kuna mstari mwingine, hauna tiki: "Sauti 2, lugha haijulikani." Niliuona mstari huo mara arobaini na tatu. Arobaini na tatu nikabonyeza endelea.

Lugha haijulikani. Baba yangu huyo.

Naye alijua. Siku ile nje, pa, pa, pa, hakuwa anafukuza ndege. Alikuwa anatukataza. Alinitazama leo bila hasira yoyote na hilo ndilo limenimaliza. Nililia mbele ya Wabwire, makamasi na yote.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua tangu alfajiri. Ofisini nimekosea namba ya trela mara mbili. Sauti ya Baba inanyeshewa shambani.

Jumanne, 24 Juni

Nimeomba ruhusa. Tumeingia kwenye mtama mimi na Wabwire, aliyefunga duka bila kuulizwa, tukazikata kamba moja moja. Thelathini na nne kati ya thelathini na tano, moja haionekani. Upepo ulikuwa unazipiga kwenye mabua siku zote hizi, zina mikwaruzo kama uso wa meza ya hotelini. Na ndege! Hao wanaoogopa! Diski karibu zote zina kinyesi. Walikuwa wanatulia juu ya kamba, wanajiangalia, wanashuka kula.

Mama alisimama ukingoni mwa shamba na kikapu. Akapokea diski moja moja mpaka tulipomaliza. Halafu akasema ni yeye aliyeziomba. Nikasema ni mimi niliyempa. Tukabishana hivyo mpaka nyumbani, kila mmoja akidai kosa ni lake.

Kwa Selpha nilikwenda peke yangu jioni. Alinikaribisha vizuri, akanionyesha. Tano amezikata kwa mkasi kuwa pembetatu, ili zimulike zaidi. Tatu nzima nimerudi nazo.

Alhamisi, 26 Juni

Rita alikuja, nikamwambia hatuna bado. Akasema mzee anaweza kungoja, ila tusingoje mno, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida.

Nimeosha zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, kutoka katikati kwenda nje, kama Wabwire alivyoniambia, nikazikausha kwa kitambaa cha miwani ya Baba. Ya kwanza: haisomeki. Ya pili: haisomeki. Ya tatu ilifika asilimia nane, draivu ikaguna ikaitema. Nimejaribu tisa leo. Sitaki kuhesabu tena.

Baba ananitazama kutoka kwenye kiti chake. Kila ikitemwa anasema "basi". Sijui kama ananiambia niache au ananipa pole. Nafikiri pole.

Jumamosi, 28 Juni

Imesoma. Imesoma! YA DADA MWENYE UPANGA. Nimetia tiki ya pili kwa mkono wangu, nikaangalia mara tatu kabla ya kubonyeza. Saa mbili na nusu ilichukua, na sikutoka kwenye kiti hata kwenda chooni.

"Yoga! Yoga noi, Malaba!" Salamu ya Kiteso, kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri. Baba wa zamani kabisa, akajaa nyumba nzima. Bandani mle unasikia viti vinaburutwa, watu wanakohoa, mtu anauza mayai. Baba kwenye kiti alifumba macho. Midomo ilianza kwenda. Sauti haikutoka, lakini midomo ilikuwa inafuata, najua nilichokiona.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anasonga ugali wake kimya kimya.

Sasa hili ndilo nataka nilikumbuke lilivyotokea. Karibu na mwisho, dada mwenye upanga yuko mlangoni kwa adui, mkono uko juu ya kitasa. Na Baba anasimamisha sinema. Anaisimamisha kabisa, bandani wanapiga kelele. "Kabla stelingi hajaingia, tuweke handbreki, tupeane salamu." Akaanza: salamu kwa Peterson wa lori la simenti, ambaye mke wake amejifungua mapacha na yeye yuko foleni. Salamu kwa Amoding wa chapati. Salamu kwa aliyeibiwa turubali, aliyeiba yumo humu humu na tunamjua. Halafu: "Na ya mwisho, kama kawaida, iende Chakol kwa Phoebe wangu. Phoebe, usifunge komeo!" Na banda zima, wanaume mia, kwa pamoja: "DEREVA ANARUDI!"

Mwiko ulinyamaza jikoni.

Mama alikuja mlangoni, mwiko mkononi. Akauliza nani kasema hivyo. Nikamrudishia nyuma asikie. Akauliza kama ni siku hiyo tu. Nikasema Baba mwenyewe anasema kama kawaida. Akauliza tena, akimtazama yeye sasa, si mimi:

"Kila sinema, Baba Carolyne?"

"Eh," Baba akasema.

Mama alikaa. Ugali uliungua upande mmoja, tukaula hivyo hivyo. Aliniomba nimrudishie mara nne. Mara ya mwisho alicheka, na machozi pamoja, akasema, kwa hiyo wale wa sokoni si njugu.

Jumapili, 29 Juni

Mama hakwenda kanisani! Ameingia kwenye mtama saa kumi na mbili asubuhi kuitafuta ile moja iliyopotea. Aliipata saa tatu, imejipachika kwenye ua wa jirani. Kisha akaenda kwa Selpha kumgombeza kwa kukata vitu vya watu. Nikamkumbusha ni yeye aliyempelekea. Akasema hata kama.

Jumatano, 2 Julai

Zinazosoma ni tano mpaka sasa. Wabwire amezipiga msasa kwa dawa fulani ya kung'arishia dukani kwake, moja ikafufuka. Kila moja ina salamu, na kila mara ya mwisho ni Mama. Katika moja amemwambia dagaa walikuwa na chumvi nyingi ila amekula wote. Katika nyingine anamuomba radhi kwa jambo ambalo hakulitaja. Mama analijua ni lipi, hakuniambia.

Sokoni jana mtu kamwita Mama Komeo. Akamjibu, "Nimefungua." Amoding wa chapati alinisimulia, hana mbavu.

Alhamisi, 3 Julai

Rita kasikiliza nusu saa. Amesema tusimsukume. Tucheze mpaka mahali anapopajua sana, kisha tunyamaze, tumwachie nafasi. Tumejaribu. Baba kafungua mdomo, pumzi ikatoka, na mate, na "basi". Alikasirika, akageuza uso ukutani. Mama alikaa naye mpaka akageuka tena.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika hapa hapa mezani, maana siwezi kukaa bure.

Tumebakiza moja, ile iliyotoka kwenye ua. Baba ameiandika YA MWISHO. Ni siku ya mwisho ya banda, kabla hawajalifunga, watu wote wakiwa wamehamia kwenye simu zao. Kukopi imekataa kabisa, nimejaribu tangu asubuhi. Wabwire akasema, icheze tu moja kwa moja kutoka kwenye diski, weka simu kando irekodi, tutakachopata ndicho tulicho nacho. Kwa hiyo inacheza. Simu iko juu ya kopo la sukari. Nimewaambia wote wasikohoe.

Saa moja kasoro. Wabwire yuko kwenye kigoda, Mama pembeni ya Baba. Mama amefunga mlango kwa ajili ya mbu, na mkono wake kwa mazoea ukasukuma na komeo.

Inakwama, inaendelea. Picha inavunjika vipande, sauti inarudi. Sauti ya Baba humo ni ya mtu aliyechoka lakini hataki watu wajue. Bandani si wengi, unawasikia. Stelingi ni mzee safari hii, anarudi kijijini kwake kwa miguu. Amefika. Yuko mlangoni.

"Tuweke handbreki."

Salamu kwa Peterson. Salamu kwa wote waliowahi kulala kwenye foleni hii. Kwa mwenye banda. Anakohoa. Salamu kwa binti yangu Carolyne, yuko chuo, siku moja atazisikia hizi akiwa mtu mzima anicheke.

Sioni vizuri ninachoandika.

"Na ya mwisho, kama kawaida, iende Chakol kwa —"

Imekwama. Picha imeganda, mkono wa yule mzee uko juu ya mlango. Draivu inanguruma, haiendi. Wabwire ameinua kidole, nisiguse kitu. Rita alisema tunyamaze. Tumenyamaza.

Baba amejiinua kwenye kiti kwa mkono wa kushoto. Anatazama mlango wetu. Midomo inakutana, inaachana. "Fi," amesema. Amesema! "Fi-bi." Anavuta pumzi, hajamaliza, jasho linamtoka. "U — si —"

Simu bado inarekodi. Mama ameinuka, amekwenda mlangoni, ameweka mkono juu ya komeo. Hajalivuta. Amemgeukia, anangoja aambiwe.